Nesi Mkunde na Mgahawa wa Mwanjaa

Neno likishapakuliwa halirudi chunguni.

Mmewasikia watu wazima wakiisema methali hii leo, nanyi mkauliza ni nani aliyeitamka kwanza. Aliyeitamka alikuwa na haki ya kuitamka kuliko mtu mwingine yeyote, na haki hiyo hakuipata kwa raha. Tulieni basi. Chanzo chake ni hiki.

Zamani, mashamba ya mkonge yalipokuwa bado yana watu, palikuwa na mji mdogo ulioitwa Kwemkole, kando ya reli. Ulikuwa na stesheni, kambi za wakata mkonge, zahanati moja na mgahawa mmoja. Mwenye mgahawa alikuwa mjane, jina lake Mwanjaa. Aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa mwaka wa njaa, na wateja hawakuchoka kumtania.

"Anaitwa njaa, lakini ukitoka kwake tumbo ndilo linalotangulia mlangoni!"

"Kula unyamaze," Mwanjaa angejibu bila kugeuka. "Maneno hayashibishi, na wali unapoa."

Mumewe alipokufa alimwachia watoto watatu na sufuria mbili. Kwa sufuria hizo mbili aliinua mgahawa, na kwa mgahawa huo watoto wake walivaa, walikula na walisoma. Hakuwa na shamba, wala ndugu wa kumkimbilia.

Katika zahanati alikuwapo nesi aliyeitwa Mkunde. Kila asubuhi aliwaning'iniza watoto wachanga kwenye mizani na kuwakaripia mama zao kwa kucha chafu na chupa zisizochemshwa. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mwongo. Akina mama wa Kwemkole walikuwa wakisema kwamba maneno ya nesi hayana mapepe. Ukiyapepeta, zinabaki punje zilizojaa.

Mwaka mmoja kipindupindu kilipita Kwemkole. Kambini walizikwa watu wanne katika wiki moja. Mkunde alichemsha hata maji ya kunawia. Alikuwa amechoka na ameogopa, na mtu mwenye hofu huona upesi kuliko anavyofikiri.

Alhamisi moja mchana alikula wali na maharage kwa Mwanjaa, kama kawaida yake. Aliposhiba alizunguka nyuma kunawa mikono kwenye pipa. Pale, kupitia upenyo wa ukuta wa makuti, alimwona Mwanjaa ameshika sahani ya mteja aliyekwisha kuondoka. Sahani ilikuwa na tonge la ugali lililong'atwa na mchuzi uliochezewa. Mwanjaa akaikwangua sahani ile ndani ya sufuria iliyokuwa ikitokota motoni, akachukua mwiko, akakoroga.

Mkunde alisimama mikono ikichuruzika maji. Kati yake na Mwanjaa palikuwa na hatua kumi. Angekwenda akauliza. Hakwenda. Aliona haya kumuumbua mtu mzima mbele ya wateja wake, tena akajiambia kwamba cha kuuliza hakipo, macho yake hayana mtoto wa jicho. Akaondoka.

Kesho yake mama wa kwanza kufika kliniki alikuwa Mama Hiza. Mkunde alimweka mtoto kwenye mizani, akaandika uzito, kisha akashusha sauti.

"Mama Hiza, baba wa mtoto anakula wapi mchana?"

"Kwa Mwanjaa. Wapi tena?"

"Mfungie chakula cha nyumbani."

"Kuna nini, nesi?"

"Yule mwanamke anarudisha mabaki chunguni. Nimeona kwa macho yangu. Lakini usimwambie mtu."

"Mimi? Mimi ni maiti, nesi."

Maiti huyo alifufukia bombani. Asubuhi ile, wanawake wakiwa kwenye foleni ya ndoo, yalikuwa mabaki. Adhuhuri yalikuwa mabaki ya wagonjwa. Jioni mchuzini alikuwamo panya, na alikuwapo mtu aliyeuona mkia. Jumapili alipokufa mkata mkonge mwingine, ikasemwa chakula chake cha mwisho kilikuwa supu ya Mwanjaa. Marehemu alikuwa hajatoka kambini wiki nzima na alikunywa maji ya mtaro, lakini nani angemwuliza?

Wateja wakaanza kuja kwa Mwanjaa kulalamika badala ya kula. Mmoja alidai tumbo limemwendesha usiku kucha. Mwingine, mnyapara wa kambi, alitema kitu cheusi mezani na kupiga kelele kwamba amelishwa mavi ya panya. Mwanjaa alikiokota kitu kile, akakitia mdomoni na kukitafuna.

"Ni karafuu, baba," alisema. "Pilau ina karafuu."

"Mchawi hadhuriki kwa uchawi wake," mnyapara akajibu, akatoka, na watu sita wakamfuata.

Bwana afya aliitwa. Alikagua sufuria, pipa, mwiko na choo, hakuona kasoro, akaandika cheti na kukipiga muhuri. Mwanjaa alikitundika mlangoni. Watu wakaulizana mtu msafi atundike cheti cha nini. Alipaka kuta chokaa upya, wakauliza anafunika kitu gani. Aliposimama mlangoni kuwakaribisha wapita njia, wakasema ameanza kuvuta watu kwa dawa. Wali aliopika ulipungua kila siku, mpaka siku moja alipika wa watoto wake tu, akakaa kwenye benchi la wateja akitazama barabara.

Habari za panya zilimfikia Mkunde. Alijua hakuwahi kusema panya. Alijituliza kwa kusema kwamba panya ni nyongeza ya watu, lakini mabaki aliyaona. Alilishikilia hilo kwa wiki tatu, na kila alipopita mbele ya mgahawa ule mtupu lilimponyoka kidogo. Mwisho akaingia.

Mwanjaa aliruka kutoka kwenye benchi kama aliyeitwa na Mungu.

"Nesi! Karibu, mwanangu, karibu. Kaa hapa mbele, barabarani wakuone. Wakikuona wewe unakula kwangu, watarudi. Wewe wanakusikiliza."

Mkunde hakuweza kukaa. "Bi Mwanjaa, nina swali. Mabaki ya wateja unayapeleka wapi?"

"Mabaki?" Mwanjaa alishangaa. "Nawapa bata. Njoo."

Alimshika mkono, wakapita jikoni mpaka nyuma. Sufuria ile ilikuwapo motoni, imebonyea na haina kifuniko. Ndani yake pumba za mahindi zilikuwa zinachemka pamoja na makombo na maganda. Bata wanane walikuwa wanapiga kelele uani.

"Pumba mbichi huwavimbisha tumbo, ndiyo maana nawapikia. Siku hizi hata makombo hakuna, bata wenyewe wanakonda."

"Hujawahi kuyarudisha kwenye chakula cha watu?"

"Mkunde!" Mwanjaa aliuachia mkono wake. "Chakula kikishapakuliwa hakirudi chunguni, hata kama mteja hajakigusa. Marehemu mama yangu alinichapa kwa hilo nikiwa na miaka saba, na mwaka ule hatukuwa na chakula cha kuchezea. Nani amekwambia nayarudisha?"

Mkunde akajibu, "Hakuna aliyeniambia. Ni mimi niliyesema."

Bata walikuwa bado wanapiga kelele. Mwanjaa hakulia wala hakutukana. Alitazama pipa la kunawia, akatazama sufuria, akapima kwa macho nafasi iliyo kati ya viwili hivyo.

"Ulikuwa pale?"

"Ndiyo."

"Nami nilikuwa hapa. Si ungeniita tu? Ungesema, we Mwanjaa, unafanya nini? Basi!"

"Nisamehe, mama yangu. Nitawaambia. Leo hii hii nitawaambia wote."

"Haya," alisema Mwanjaa. "Waambie."

Mkunde alianzia bombani, siku ile ile. Alisimama mbele ya ndoo akasema kwamba alikosea, kwamba sufuria ile ni ya bata, kwamba ameikagua mwenyewe. Wanawake walimsikiliza kwa adabu. Kisha Mama Hiza akamvuta pembeni.

"Nesi, amekupa nini?"

"Hajanipa kitu! Nilikosea."

"Si ulisema uliona kwa macho yako?"

"Niliona, ila sikuelewa."

"Basi uliona." Mama Hiza alimpigapiga begani kwa huruma. "Una moyo mzuri, nesi. Yule ni mjane, hata sisi tunamwonea huruma. Lakini mtoto wangu simlishi huruma."

Alikwenda kambini saa wakata mkonge wanapoitwa majina, akamwomba mnyapara ruhusa ya kusema. Walimcheka. Mmoja alipaza sauti kutoka nyuma, "Na panya naye alikuwa wa bata?" wakacheka zaidi. Alikwenda nyumba kwa nyumba. Waliomwamini alipotoa habari kwa kunong'ona hawakumwamini sasa alipokuwa akiikana kwa kelele. Akaona njia iliyobaki ni kula. Kila mchana alikaa kwa Mwanjaa, mbele kabisa, uso barabarani, akila polepole. Alikula hivyo siku kumi na mbili, peke yake. Mwanjaa alimpakulia kama anavyopakuliwa mpita njia asiyejulikana.

Siku ya kumi na tatu, kliniki, Mkunde alinyoosha mikono kumpokea mtoto wa Mama Hiza. Mama Hiza alisita, akampa kwa ncha za vidole. Aliporudishiwa, akatoa kitambaa na kumfuta mtoto pale pale mikono ya nesi ilipomgusa. Akina mama wengine waliona, na wote wakafungua vifurushi vyao kutafuta vitambaa.

Mkunde alijifungia katika chumba cha dawa akalia. Hakuwa akilia kwa sababu yake peke yake. Alikuwa ameelewa kwamba hana kitu kingine cha kufanya. Alikuwa ameusema ukweli wote aliokuwa nao, na haukufika popote.

Mwezi uliofuata Mwanjaa alifunga mgahawa. Watoto wawili wakubwa aliwatoa shule, akawapeleka kwa jamaa wa mbali wa upande wa baba yao, kila mmoja nyumba yake. Yeye na yule mdogo wangepanda treni ya kuelekea mjini, akatafute kazi ya kufua. Mkunde alikwenda stesheni. Alikuta furushi moja na mwanamke aliyezeeka ghafla.

"Nilijaribu, Bi Mwanjaa."

"Nimekuona ukijaribu."

"Sema unisamehe."

Mwanjaa alimpandisha mtoto behewani kwanza. "Nikisema, nitakuwa nimesema tu," alijibu. "Kaa salama, nesi." Treni ikaondoka, na habari zake hazikusikika tena Kwemkole. Kama wale watoto watatu walikutana tena duniani, hakuna ajuaye.

Miaka ikapita. Mkonge ulikufa, kambi zikabomoka, akina mama wa bombani wakafa mmoja mmoja, Mama Hiza akiwamo. Mkunde alistaafu, nywele zikawa nyeupe. Siku moja alikwenda kliniki kumsindikiza mjukuu wa dada yake, akakaa benchi moja na binti aliyepakata mtoto wa kwanza. Binti huyo alikuwa hajazaliwa Mwanjaa alipoondoka. Alionyesha kwa kidevu kiwanja kilichoota nyasi ng'ambo ya reli.

"Bibi, unapajua pale? Palikuwa na mgahawa wa mwanamke mmoja, alikuwa anawapikia watu panya. Mabaki ya wagonjwa anachanganya na panya. Aliua kambi nzima."

"Nani kakwambia?" aliuliza Mkunde.

"Aa, bibi! Kila mtu anajua. Tena aliyegundua alikuwa nesi, mtu wa afya. Alimwona kwa macho yake."

Watu wote kwenye benchi waliitikia kwa vichwa. Mkunde aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa na maneno mengi ya kuwaambia, na yote alikwisha kuyasema miaka thelathini iliyopita, bombani, kambini na nyumba kwa nyumba. Alimrekebishia yule binti kitambaa cha mtoto kilichokuwa kimeteleza.

"Neno likishapakuliwa, mwanangu," alisema, "halirudi chunguni."

Binti alicheka, akaona bibi anasema kizee. Lakini aliyashika maneno hayo, akaenda nayo sokoni, na wengine wakayapenda. Yakasambaa Kwemkole yote, yakavuka reli, yakaingia vijiji vya jirani. Mwanjaa hawamjui, wala Mkunde, wala bata. Methali peke yake ndiyo waliyoipokea ilivyo, bila kuongeza kitu.

Ndiyo hiyo mliyoisikia leo: neno likishapakuliwa halirudi chunguni.