Masale ya Getini

Isome hii mpaka mwisho, ndipo uitume kwenye kundi la ukoo wenu. Mimi nilikuwepo, na mpaka leo najionea aibu.

Tulikuwa walimu tisa, tumekwenda kutembelea msitu wa serikali huko Uchagani, sehemu za juu mlimani. Kutoka getini mpaka njia inapoanzia, pande zote mbili, palikuwa na masale, ile mimea ya majani marefu ambayo Wachagga hupanda kwenye mipaka na makaburi. Yalipangwa kwa mstari, yamestawi vizuri. Tulipiga picha katikati yake huku tukitaniana.

Mwongoza wageni aliitwa Kiwia, kijana mchangamfu aliyeujua kila mti kwa jina. Alituunganisha na bibi mmoja aliyekuja peke yake na fimbo yake, akakata tiketi kama sisi. Bibi huyo aliitwa Ndeanasia.

"Bibi, kilima utakiweza?" Kiwia alimwuliza.

"Nilikipanda na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, mjukuu wangu. Leo nina fimbo tu."

Tukacheka. Sisi walimu tukiwa safarini tunacheka ovyo.

Tulipofika kwenye uwanda mdogo, Kiwia alisimama akatupa historia. "Huu ni msitu wa asili. Tangu dunia iumbwe, hakuna mtu aliyewahi kuishi humu."

"Nani kakwambia?" bibi aliuliza.

"Ndivyo tulivyofundishwa kozini, bibi."

Bibi alielekeza fimbo yake bondeni. "Ule pale ni mfereji wetu wa maji. Na hapa uliposimama ni kihamba cha mume wangu, shamba la migomba la ukoo lenye nyumba yetu. Tuliamriwa kuhama wakati wa masika, tukabeba vyungu na mbuzi. Wafu hatukuweza kuwabeba."

Hakuna aliyecheka tena.

Akatueleza kilichomleta. Mtoto wake wa kwanza alikufa kwa surua akiwa na miaka miwili. Walimzika hapo kihambani kama ilivyo desturi yao, na mumewe akapanda masale manne, isale moja kila pembe ya kaburi.

"Macho yangu yanafifia," alisema. "Daktari ameniambia mwakani sitaona. Nataka nilione kaburi la mwanangu ningali naona. Najua vichaka vimeota, lakini isale halifi hovyo. Nitafutieni masale manne."

Tulitawanyika vichakani, walimu wazima, tukifunua majani kwa mikono. Kiwia peke yake hakusogea.

"Bibi," alisema hatimaye, "masale yalikuwepo. Mengi tu. Mwaka juzi tuliagizwa tung'oe kila mmea uliopandwa na mtu, msitu ubaki wa asili. Nikaona ni hasara kuyatupa. Nikayapanda kule getini, wageni wapate pa kupigia picha."

"Wewe si Mchagga?"

"Ni Mchagga, bibi."

"Ulipoyakuta yamesimama manne manne, ulidhani yamepandwa na tumbili?"

Kiwia alitazama chini. "Nilijua ni makaburi. Nilidhani hayana wenyewe."

Kwa hiyo alijua. Alijua, na bado alisimama pale akatuambia hakuna mtu aliyewahi kuishi humo. Niliwaka hasira, kisha nikakumbuka picha zangu za getini.

Bibi alimwangalia usoni kwa muda mrefu, kama anayesoma maandishi madogo. "Jina la Kiwia ulipewa la nani?"

"La babu, mzaa baba. Sikumkuta."

"Alizikwa wapi?"

"Sijui. Baba hakuwahi kusema, na mimi sikuwahi kumwuliza."

"Babu yako alikuwa jirani yangu," bibi alisema. "Kaburi lake lilikuwa pale, ng'ambo ya mfereji. Baba yako alikuwa mdogo, nilimshika mkono siku tunayapanda yale masale. Ukayang'oa wewe."

Kijana aliondoka mbio kuteremka getini. Aliporudi alikuwa anahema, jasho linamtoka, na mkononi ameshika jani la isale. Akapiga magoti mbele ya bibi akamnyooshea kwa mikono miwili. Kwa desturi ya Wachagga, mtu akikuletea isale kukuomba radhi, huwezi kumkatalia.

Bibi alilipokea. Akalipapasa kutoka shina mpaka ncha.

"Hili umelichuma kwa mwanangu, au kwa babu yako?"

Kiwia hakujua. Wakati wa kuyahamisha aliyachanganya yote.

"Basi nimekusamehe," bibi alisema. "Mila hainipi nafasi ya kukataa."

Tuliteremka. Pale getini bibi hakupita katikati kama sisi. Alikwenda isale kwa isale, upande wa kulia kisha wa kushoto, akigusa kila moja na kusema, "Pole, mwanangu." Hakuruka hata moja, kwa sababu hakujua ni lipi. Kiwia alimfuata nyuma, naye akigusa, na hakujua aseme nini.

Picha zangu nilizifuta usiku huohuo. Kuzifuta hakukumsaidia bibi chochote.

Funzo: Kabla hujasema kitu hakina mwenyewe, kaulize kwanza nyumbani kwenu, huenda mwenyewe ni wewe.