Gogoni, Katikati ya Njia

Paukwa!
Pakawa!
Kaeni karibu, wajukuu zangu. Wawili walitafutana, wa tatu akawawahi!

Hapo kale palikuwa na mtu na dada yake. Mkubwa Sikitu, mdogo Mashavu. Sikitu aliolewa mlimani, Mashavu akaolewa bondeni, na baina yao mwendo wa siku nne.

Siku moja mtoto wa Sikitu, Kitwana, akashikwa na homa. Akachemka, akachemka, akachemka. Mzizi wa kumponya uliota bondeni tu.

Sikitu akawaza, "Nikienda mpaka bondeni, mtoto atanifia njiani. Nikimngoja Mashavu hapa, atanifia mikononi."

Basi akamtuma njiwa: "Mwambie Mashavu alete mzizi. Kesho alfajiri yeye atoke kwake, nami nitoke kwangu. Tukutane katikati, kwenye gogo la mtoni."

Njiwa akaruka akiimba maneno hayo njia nzima. Zimwi la msituni likayasikia yote.

Sikitu akatembea siku ya kwanza, mtoto mgongoni. Asubuhi ya siku ya pili akamkuta Mashavu kakaa kando ya njia, kibuyu mkononi.

"Dada, nimefika! Nipe mtoto nimnyweshe dawa."

Sikitu alitaka kulia kwa furaha. Akaanza kufungua kanga ya mgongoni. Mkono ukasita. Yeye ametembea siku moja tu. Mashavu amewezaje kutembea siku tatu kwa siku moja?

"Mdogo wangu, mbona umefika mapema hivi?"

"Nilikimbia, dada. Nipe mtoto."

Akamtazama miguu. Haina hata vumbi. Moyo ukampasuka, lakini uso hakuubadilisha.

"Tuliahidiana gogoni, mdogo wangu. Twende huko huko."

Akafunga kanga, akakaza mwendo. Nyuma yake sauti ikazidi kuwa nzito: "Nipe mtoto!" Akaenda. "Nipe mtoto!" Akaenda. "Nipe mtoto!" Pumzi ya moto ikampiga kisogoni. Kitwana hakulia tena, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Alasiri akauona mto. Ng'ambo ya gogo alisimama Mashavu mwingine, vumbi mpaka magotini.

"Yule ndiye zimwi!" ikaita sauti ya nyuma. "Usivuke, dada! Nipe mtoto tukimbie!"

Sikitu akasimama. Huku Mashavu, kule Mashavu.

Yule wa ng'ambo akasema, "Dada, vuka polepole. Gogo linateleza."

Basi Sikitu akajua. Huyu wa nyuma anamtaka mtoto. Yule wa mbele anamhofia asianguke. Akapanda gogo, hatua kwa hatua kwa hatua, akafika.

Zimwi likatupa sura ya kuazima, likabaki na manyoya na meno yake, likarukia gogo. Lilipofika katikati, Mashavu akapachika fimbo yake ya safari chini ya gogo.

"Sukuma, dada!"

Wakasukuma. Gogo likabingirika, puu! Maji yakalimeza zimwi na ngurumo zake.

Mashavu akatafuna mzizi, akamtilia mtoto kinywani. Wakangoja. Wakangoja. Wakangoja. Ndipo Kitwana akakohoa, akalia kwa hasira, akataka ziwa la mama yake.

Hadithi yangu imekomea pale mtoni. Wajukuu zangu, anayekupunguzia safari mtazame vizuri kabla hujampa ulichobeba.