Kimya cha Kabla ya Salamu

Kulikuwa na wakati, ninyi mkiwa hamjazaliwa au mkiwa bado mnanyonya, redio yetu hii ya Kondoa haikujua kunyamaza. Taarifa ya habari ikiisha tu, salamu zinaanza, na watu wanapiga simu kama wanagombea maji ya bomba. Hicho kimya mnachokisikia siku hizi kabla ya salamu, hicho mnachokicheka mkisema mitambo ya wazee imechoka, hakikuwepo. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi leo nitawaambia, maana nilikuwa mtangazaji hapa na niliyaona.

Mitambo yetu iliendeshwa na programu aliyoiandika Mwajabu, mke wa Swalehe dereva wa lori. Aliiandika kwa lugha ile ya kompyuta yenye mabano, mabano ndani ya mabano, ukiitazama unadhani mtu kakata kucha mezani. Lugha hiyo ina jambo lake. Inakuruhusu utunge neno lako mwenyewe, fupi, na ndani yake ufungashe maneno marefu. Mafundi huliita makro. Mashine ikikutana nalo hulifungua kwanza, ikatoa yaliyomo, ndipo kazi ianze. Ni kama kumwambia mtu apike pilau. Neno ni moja, ila ndani mna vitunguu, bizari, nyama na mchele. Na sahani ikishafika mbele yako, neno pilau hulioni humo, unaona wali na nyama.

Sasa Swalehe alikuwa na kinyongo na salamu zetu. Akiwa safarini, Singida huko au Kahama, alikuwa akipiga ili amsalimu mkewe, na kila akipiga laini ina watu. Siku moja alirudi amenuna, akasema mbele yangu, "Redio unaiendesha wewe, na mimi mumeo sipati hata nafasi ya kukuuliza hujambo. Sipigi tena." Mwajabu akacheka. "Jaribu tena, mume wangu," akamwambia. Swalehe akajibu kwamba ameshasema. Na mwanamume akishasema ameshasema, si mnawajua.

Hapo ndipo kimya kilipoanza. Kila jioni baada ya habari redio ikawa inanyamaza, kiasi cha mtu kuvuta pumzi mara chache, halafu salamu zinaendelea. Tulimuuliza Mwajabu, akajibu, "Kiacheni, kina kazi yake." Tukakiacha. Mwaka haukuisha maradhi yakamchukua, na wala hakuugua sana.

Swalehe aliuza lori. Kila jioni akawa anakaa kibarazani na redio yake, akingoja kile kimya. Aliniambia kwamba nguo za mkewe zimeshagawiwa, sauti yake ameanza kuisahau, na kilichobaki ambacho bado kinatokea ni kimya kile tu. Hamu ya mkewe haikumtoka. Watu walimshauri aoe, akawa anawasikiliza kwa adabu, kisha anaongeza sauti ya redio.

Miaka ikaenda, mitambo ikachoka kwelikweli, ikaja mipya. Meneja akasema programu ihamishwe, na kisichojulikana kazi yake kitupwe. Habari zikamfikia Swalehe. Akapanda kilima mpaka kituoni kwetu, kwa miguu na goti lake bovu, akatuomba, "Msikitupe kabla hamjajua ni nini." Meneja hakuwa mtu mbaya. Akampa fundi wetu Stamili muda mpaka mitambo mipya iwashwe.

Stamili akakuta penye kimya pameandikwa neno moja: subiri-mtu. Akaanza kulitafuta, na akafanya kosa ambalo hata ninyi mtalifanya. Alilitafuta ndani ya programu ikiwa kazini, na mashine ikamjibu kwamba neno hilo haina. Alihangaika nalo asubuhi nzima, Swalehe amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki. Mwishowe Stamili akajicheka. "Natafuta pilau kwenye sahani," akasema. "Hii ni makro. Ilishafunguka kabla kazi haijaanza." Basi akarudi jikoni, kwenye maandishi ya Mwajabu mwenyewe, akatafuta neno lilipotungwa, si lilipotumika. Akalikuta. Akaiambia mashine ilifungue tabaka moja moja, na kila tabaka akatusomea kwa lugha yetu.

"Zima muziki. Fungua laini moja, wengine wote wafungie." Akafungua tabaka lililofuata. "Kwenye laini hiyo pokea namba moja tu." Akaisoma ile namba. "Akipiga, mweke hewani awe wa kwanza. Asipopiga, endelea na salamu, na kesho umsubiri tena."

Namba ilikuwa ya Swalehe.

Mzee wa watu alishika kichwa kwa mikono miwili. "Miaka yote hii mimi nasikiliza," akasema, "kumbe nasubiriwa." Mimi nililia, siwafichi.

Jioni ile habari zikaisha, kimya kikaja, na kwa mara ya kwanza simu ikaita ndani yake. Mji mzima ukamsikia. "Mwajabu," alisema, "nimepata laini." Hakuongeza neno, na salamu zikaanza.

Kesho yake akaja kumwomba Stamili aitoe namba yake, aweke za wale wanaopiga kila siku wasipate. Stamili akabadilisha tabaka hilo moja tu. Kisha juu ya neno akaandika, kwa maneno ya kawaida, linafunguka kuwa nini, ili atakayekuja baadaye asihangaike.

Na mpaka leo redio yetu hunyamaza kabla ya salamu, na fundi wa hapa akikuta neno asilolijua halitupi, hulifuata lilipotungwa akalifungua tabaka kwa tabaka. Swalehe naye ametangulia. Kwa hiyo leo jioni redio ikinyamaza, acheni kucheka, shikeni simu. Huenda anayesubiriwa ni mmoja wenu.