Mwarobaini wa Sheha Foum

Raya, binti wa miaka mitano wa Sheha Foum, alishikwa na mafua, akaaga nyumba nzima hadi paka kwamba anakufa. Lakini dawa aliikataa, meno kayabana.

"Mize!" Sheha alimfokea yaya. "Anywe mwarobaini sasa hivi. Akitoa chozi moja, fungasha virago vyako! Mimi utotoni niliunywa kama maji."

"Sina shaka, bwana," alijibu Mize, akaleta vikombe viwili. "Ila kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, mgonjwa aone hakuna sumu."

Sheha alicheka kwa dharau, akapiga funda kubwa. Macho yakamtoka. Akatema, akakohoa, akamlilia mama yake aliyekufa miaka ishirini nyuma.

Raya aliinuka kitandani. "Baba, acha kudeka, majirani watasikia." Akakinywa kikombe chake chote, akalamba midomo, akaomba kingine.

Jikoni, mpishi alishangaa. "Mtoto kaunywaje mwarobaini wote ule?"

"Mwarobaini wa nini?" alisema Mize, akisuuza vikombe. "Yule ana mafua tu, nimempa tangawizi na asali. Mwarobaini nimempa mgonjwa."