Mstari Tulioufuta

Kipimo ulichotupa ndicho kitakachokupima. Mmeisikia leo hapa maabara, mkacheka, kisha mkaniuliza ni wahenga gani walioisema. Haikusemwa na wahenga. Methali hii ilianza hivi, na mimi nilikuwepo.

Tulipewa kazi ya kupima kompyuta ya king'ora cha mafuriko. Mto ule una vijito vinane, na kila kijito kilikuwa na programu yake ya kusoma kina cha maji. Programu zote nane zilikwenda kwa pamoja, mfumo endeshi ukizigawia zamu katika mashine moja, na king'ora hakikulia mpaka zote zimalize. Mkuu wa jaribio alikuwa Shekiondo, mtu makini, tena mwenye sababu. Dada yake, Mboni, alilima mpunga bondeni. Maji yakishuka mlimani hufika huko kwa dakika tano, na kutoka majarubani hadi kwenye tuta la kukimbilia mafuriko ni mwendo wa dakika tatu.

Shekiondo aliwasha mashine, akaziendesha programu zote mara kumi. Mara ya kwanza zilichukua dakika nne, zikigombania diski kama mtaa mzima kwenye bomba moja. Mara tisa zilizofuata, kila kitu kikiwa tayari kwenye kumbukumbu ya mashine, sekunde sita sita.

"Hii ya kwanza niiandike?" nikamuuliza.

"Itupe, dada Namkunda. Mashine ilikuwa haijachangamka. Ndivyo wanavyopima wote."

"Na mafuriko yakija, yatakuja mara ngapi?"

"Dada, ripoti inatakiwa leo."

Nikaufuta ule mstari kwa mkono wangu huu. Tukaandika sekunde sita, tukasifiwa.

Masika yaliyofuata umeme ulikatika asubuhi moja, ukarudi. Mashine ikawaka upya, haijachangamka, na maji yalikuwa ndiyo kwanza yanashuka. King'ora kililia baada ya dakika nne. Watu kumi na mmoja hawakufika kwenye tuta. Mboni alipatikana siku ya tatu, mtoto bado amefungwa mgongoni kwa khanga.

Tume ya uchunguzi iliisoma ripoti yetu, haikuona kosa. Shekiondo akasimama.

"Kuna mstari haumo humo," akasema. "Huo ndio uliomuua dada yangu."

Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma hadi leo.

Mwenyekiti akamwambia kwa upole kwamba kipimo cha kwanza hutupwa kila mahali, hakuna wa kumlaumu.

"Mheshimiwa," Shekiondo akamjibu, "kipimo ulichotupa ndicho kitakachokupima."