Doti ya Bi Mize

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na masultani, ni zamani ya juzi tu, palikuwa na bibi mmoja pale Tanga, mtaa wa Ngamiani, jina lake Bi Mize. Alikuwa na miaka themanini na miwili, baka dogo jeusi la kuzaliwa kwenye shavu la kushoto, na maneno ambayo hakuna aliyeyaamini.

"Mimi nilikuwa nyota wa filamu," alikuwa akisema. "Nilicheza bi harusi katika 'Harusi ya Mwezi Mchanga'. Mji mzima ulilia!"

Watu humwitikia, "Ndiyo, bibi," kisha hukonyezana. Hata mjukuu wake Subira, mwalimu wa shule, mtu mzima na akili zake, naye hukonyeza. Maana filamu yenyewe iko wapi? Jumba la sinema lilikwisha geuzwa ghala la mbao, na filamu zake ilisemekana zilichomwa moto. Kilichobaki ni doti moja ya kanga, ile aliyopewa na bwana harusi ndani ya filamu. Bi Mize hakuikata wala hakuipinda. Vipande viwili vimeshikana vilevile kama vilivyotoka dukani. Lakini kanga si ushahidi, kila mwanamke ana kanga.

Siku moja kwenye maulidi wakakonyezana mbele ya macho yake. Bi Mize akasimama, roho inamuuma, akaweka nadhiri mbele ya akina mama wote.

"Kufa nitakufa, silikatai. Lakini nisife nikiitwa muongo! Atakayenirudishia uso wangu, doti hii ni yake. Nzima, haikatwi."

Neno hilo likamfikia Mzee Singano. Huyu ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya kuonyeshea filamu pale sinema. Ilipofungwa, mwenye sinema alimwamuru achome filamu zote. Singano akachoma zote ila moja, kisha akarudi akaapa, "Wallahi, nimemaliza." Ile moja, mikebe saba mizima, akaificha katika ghala la mkewe, muuza achari. Filamu ikizeeka hutoa harufu ya siki. Lakini katika nyumba ya muuza achari, nani atanusa siki akashtuka? Miaka thelathini na sita mke hakujua lolote, akilalamika tu kwamba mwaka huu achari imekuwa kali.

Singano akaitoa mikebe yake, akaipeleka kwa Tausi.

Tausi alikuwa binti wa kampuni moja ya Dar es Salaam iliyokuwa ikitoa upya filamu za kale kwenye diski za picha kali, zile ambazo ukizitia kwenye mashine yake na televisheni kubwa unaweza kuhesabu kope za mtu. Akaiingiza filamu kwenye kompyuta, picha moja moja, na picha zilikuwa laki moja na ishirini na tisa elfu. Akafuta mchubuko, akafuta vumbi, akafuta ukungu. Akafuta mchubuko, akafuta vumbi, akafuta ukungu. Mwaka na nusu! Macho yakamvimba, mchumba akachoka kungoja, Tausi bado anafuta.

Alipofika mkebe wa saba, akakuta sauti imekufa. Bwana harusi anafumbua mdomo, bi harusi anafumbua mdomo, kimya. Akapanda basi hadi Tanga.

"Shikamoo, bibi. Pale mwisho mlisema nini?"

"Marahaba, mwanangu." Bi Mize akafikiri, akafikiri tena. "Nimesahau."

Mtaa ukapata la kusema: nyota gani hajui maneno yake? Siku ile Bi Mize hakula.

Ndipo akaja Mwanakombo, mkaanga bagia. Zamani ile kila Jumatano mchana sinema ilikuwa na zanana, onyesho la wanawake peke yao, na wanawake hawakuwa wakitazama kimyakimya. Picha ikisema, nao wanasema. Mwanakombo aliiona filamu ile mara arobaini na moja. Akaweka karai chini, akafuta mikono, akasema ya bi harusi, akasema ya bwana harusi, akasema ya baba mkali, akalia hata mlio wa punda. Tausi akarekodi yote.

Diski zikatengenezwa. Jumamosi moja baada ya alasiri mtaa ukajaa katika ukumbi wa shule ya Subira. Filamu ikaanza, na binti mzuri akatokea kwenye televisheni, uso unang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Bi Mize akashika kifua kwa furaha.

"Bibi," akasema Subira taratibu, "huyu binti ni mzuri. Lakini si wewe. Baka liko wapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Tausi akajishika kichwa.

"Mungu wangu! Nilidhani ni uchafu wa filamu. Kila picha nililikuta palepale, nikalifuta!"

Kufuta kote kule, kumbe amemfuta mwenyewe Bi Mize! Diski zile zikavunjwa. Bahati yake, Tausi alikuwa ameweka nakala ya picha kabla hazijasafishwa. Akarudi Dar es Salaam, akalirudisha baka picha moja moja, siku ishirini na mbili.

Jumamosi nyingine, ukumbi uleule. Binti akatokea, na baka lake shavuni. Subira akatazama televisheni, akamtazama bibi, akatazama tena televisheni. Akapiga magoti.

"Bibi, nisamehe."

"Tazama filamu," Bi Mize akamwambia, machozi yanamtoka. "Mwisho ndio mtamu."

Mwisho ukafika. Bwana harusi amefukuzwa na baba mkali, yuko njiani anaondoka. Anamkabidhi bi harusi doti, na bi harusi anajibu, kwa sauti ya Mwanakombo: "Sikungoji. Twende sote!"

Vigelegele vikapasua paa. Bi Mize peke yake ndiye aliyeshtuka. Kuiona midomo yake mwenyewe kulimrudishia maneno yake. Hakusema vile. Alisema, "Nitakungoja." Akamgeukia Mwanakombo, Mwanakombo akatazama chini.

"Mara zote arobaini na moja nilikasirika hapo," akanong'ona. "Umngoje wa nini?"

Bi Mize akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. Kisha akaitoa doti, na hapo kicheko kikaisha, maana watatu walisimama pamoja.

"Doti ni yangu," akasema Singano. "Nisingeapa uongo, hawa wangesafisha nini, wangekumbuka nini? Dhambi ile nimeibeba peke yangu miaka thelathini na sita."

"Na ghala langu je?" akauliza mkewe. Akaambiwa asubiri.

"Doti ni yangu," akasema Tausi. "Mzee alitunza mikebe, hakutunza uso. Uso ulikuwa umeliwa na ukungu. Baka nililifuta, sikatai, na mimi ndimi niliyelirudisha."

"Doti ni yangu," akasema Mwanakombo. "Uso bila ulimi ni picha ya kitambulisho. Mwenyewe alisahau, mimi nikakumbuka. Na kama neno moja nimetia langu, mbona ndilo mlilolipigia vigelegele?"

Subira akamsogezea bibi yake mkasi. "Kata tu, bibi, yaishe."

"Nilisema nzima. Na nikikata vitatoka viwili, hawa ni watatu." Bi Mize akaikunjua doti, akaikunja tena. "Jamani, mmeniita muongo miaka yote nikisema kweli. Leo nikivunja nadhiri, nitakuwa muongo kweli mbele ya macho yenu."

Basi Bi Mize amesimama pale, doti mikononi, na ukumbi mzima unamngoja. Mimi ninaye wangu, lakini simtaji. Semeni ninyi: aliyeapa uongo, aliyefuta baka, au aliyegeuza neno, yupi aondoke na doti ya Bi Mize?