Miiba Ilikotazama

Paukwa!

"Pakawa!"

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

"Pakawaaa!"

Ehee! Funikeni uji wenu, maana nikianza mimi hakuna anayekumbuka kufukuza inzi. Hadithi hii katika tarafa nzima naijua peke yangu. Aliyenipa alinipa yote, hakubakiza hata ya kwake.

Hapo kale, kale ile ambayo pembe za ndovu zilikuwa bado fupi, kulikuwa na bonde refu lenye kijito katikati. Wanyama wadogo walikaa huku na huku, wakivuka wakirudi, wakiombana chumvi.

Fisi wakaingia. Hawakuja wawili watatu. Walikuja vikosi kwa vikosi, wakicheka, hii hii hii! Wakala mbuzi, wakala kanga, wakala hata ngozi za kulalia. Miaka sita moshi wa jikoni haukuonekana bondeni.

Ndipo akatoka Ndovu wa mawio. Kindu! Kindu! Kindu! Alipigana kweli, tusimnyime haki yake. Watoto wake wengi walilala wasiamke. Akawafukuza fisi mpaka kijitoni. Upande wa machweo akaingia Nyati, naye akawafukuza mpaka kijitoni. Wakakutana hapo, pembe na mkonga, wakasalimiana. Fisi kwisha.

Wanyama wa mawio wakalia kwa furaha. "Asante, Ndugu Ndovu! Nenda salama, wasalimie nyumbani!"

Ndovu akaketi. Puu!

"Nakaa kidogo," akasema. "Fisi wasije wakarudi."

Masika yakaja, kakaa. Masika yakapita, kakaa. Alipochoka kukaa, akarudi kwake, akaacha wajukuu zake wakae badala yake, na Ngiri awe Mwenyekiti. Kura zilipigwa, msiseme hazikupigwa. Kulikuwa na kapu la mawe ya Ngiri na kapu jingine la mawe ya Ngiri. Ngiri akashinda.

Ngiri akajenga Ghala la Wote. Kila mavuno yaingie humo, kila mdomo ukapange foleni hapo. Na kila alasiri Kasuku alipanda juu ya kisiki akaita:

"Ndovu ni nani?"

"Ni ndugu yetu!"

"Ghala la nani?"

"La wote!"

"Limejaa?"

"Limejaaa!"

Wakarudi makwao, matumbo yakiimba kru, kru, kru.

Sasa, upande huo wa mawio alikuwako Bi Digidigi. Mnamjua digidigi: miguu kama njiti, macho mapana, na pua ndefu kidogo ya kuchungulia mambo. Tena digidigi hatembei peke yake. Ukimwona mmoja, mwenzake yuko hatua tano. Huyu Bi Digidigi alikuwa na mume wake, na alikuwa na kazi yake, fundi wa maboma ya miiba, kama mama yake na bibi yake.

Asubuhi moja mumewe akamwambia, "Mama, navuka kulamba magadi. Nikuletee?"

"Kipande tu. Usichelewe."

"Umande haujakauka, nitakuwa hapa."

Akaenda. Siku hizo wengi walikuwa wakivuka kwenda kwa Nyati, na wengi walikuwa wakisahau kurudi. Foleni ya ghala ilikuwa inafupika, na si kwa shibe. Ngiri akaona. Akaita ukoo wake wote. Kra! Kra! Kra! Umande haujakauka, boma la miiba likawa limesimama kando ya kijito, kutoka mlima mpaka mlima.

Kasuku akapanda kisikini. "Boma ni la nini?"

Hakuna aliyejua. Akawafundisha: "La kuzuia fisi!"

"La kuzuia fisiii!"

Bi Digidigi hakuitika. Alikwenda kulitazama boma. Akainama, akanusa, akainua kichwa. Nyinyi mnaofuga mnajua: tawi la miiba hukokotwa kwa shina. Shina linabaki ndani kwa mwenye boma, miiba inamtazama adui nje. Hata mtoto anajua.

Akamwendea Ngiri. "Ndugu Mwenyekiti, samahani. Fisi wako nje au ndani?"

"Nje, mama. Swali gani hilo?"

"Mbona miiba inatutazama sisi?"

Ngiri akajikuna pembe. "Huo ni ufundi mpya. Umetoka kwa Ndovu."

"Na shina kuwa nje, ni ufundi huohuo?"

"Mama," Ngiri akasema polepole, "unakumbuka swala wa kule kilimani?"

Bi Digidigi alikumbuka. Swala wa kilimani waliomba kula nyasi zao bila kupanga foleni. Waliomba kwa adabu. Wajukuu wa Ndovu wakapanda kilimani, kindu, kindu, kindu. Nyasi za huko mpaka leo zinaota zimelala. Akafunga mdomo. Na juu ya tawi, Kinyonga, jirani yake, alikuwa amelizungusha jicho moja, anaangalia nani kasema nini.

Kufunga mdomo si kufunga pua. Kila alfajiri Bi Digidigi alisimama karibu na boma, akapuliza: zik! zik!

Kutoka ng'ambo ikaja: zik! zik!

Yupo! Basi akaweza kuishi siku hiyo.

"Bi Digidigi," Kinyonga akauliza, "kila siku mluzi, una nini?"

"Mafua, shemeji."

"Mafua miaka kumi?"

"Na wewe macho yako yanazunguka miaka mingapi? Nimewahi kukuuliza unatafuta nini?"

Kinyonga akageuka kijani kwa aibu. Au kwa kazi, nani ajuaye.

Masika yakapita, mengi, mengi sana. Pua ya Bi Digidigi ikaota mvi. Siku moja akapuliza zik! zik! Ng'ambo ikajibu mara moja tu: zik. Kesho yake akapuliza. Kimya. Kesho kutwa, kimya. Akasimama pale mpaka jua likampiga utosini. Je, amekufa? Amehama? Amechoka? Miiba ikamtazama tu.

Siku hizohizo njaa ilikuwa imezidi. Wanyama hawakwenda tena kisikini kuitika. Walikwenda mlangoni kwa Ngiri kunung'unika. Mmm! Mmm! Mmm! Ngiri akapuliza baragumu kumwita Ndovu. Puuu! Huko mawio Ndovu mzee alishakufa, na mwanawe alikuwa na njaa yake nyumbani. Akatuma neno moja: "Bonde ni lenu. Jipangieni." Na wale wajukuu waliobaki bondeni hawakuinuka.

Ngiri akachukua jani pana la mgomba, akakwaruza amri, akamtupia Kasuku. "Soma!" Kisha akaingia shimoni kula.

Sasa sikilizeni. Jani lilikuwa na pande mbili. Kasuku tangu azaliwe alikuwa akisoma upande mmoja tu. Akapanda kisikini.

"Wanyama wote wanaruhusiwa kuvuka!"

Walizoea kuitika, na hili halikuwa na kiitikio. Wakatazamana.

Bi Digidigi akainua pua. "Kuanzia lini?"

Kasuku akageuza kichwa huku. Akageuza kule. Maisha yake yote hakuna aliyemuuliza kitu! Akalitazama jani. Jibu lilikuwa nyuma: *mwezi ujao, kwa kibali cha Mwenyekiti.* Hakuligeuza.

"Kuanzia... nadhani... sasa," akasema. "Sasa hivi."

Lo! Kumbe mguu wa digidigi mzee bado una mbio! Tiri tiri tiri mpaka kwenye lango pekee la boma. Bonde zima nyuma yake. Langoni kasimama askari, ngiri kijana mwenye pembe mpya.

"Kibali!"

"Kasuku amesema sasa hivi."

"Amesema nani? Sijaambiwa kitu!" Akapuliza baragumu. Puuu! Hakuna aliyejibu. Akatazama umati, akaona uso anaoufahamu. "Mama? Na wewe?"

"Na mimi," mama yake akasema. "Sogea, baba, utakanyagwa."

Akasogea.

Bi Digidigi alipotoka nje hakukimbia mbele. Alizunguka upande wa pili wa boma, akakuta mashina yote yako pale, yamemngoja miaka yote hiyo. "Njooni huku!" akaita. "Kwa ndani hamlishiki, litawachoma. Kwa nje linakokoteka!" Wa machweo wakaja, wa mawio wakaja. Wakashika mashina. Krrr! Tawi. Krrr! Tawi. Jua halijazama, kijito kikaonekana kutoka pande zote mbili.

Ngiri alipotoka shimoni alisema yeye ndiye aliyeshauri tangu mwanzo. Kinyonga alikuwa ameshabadilika rangi.

Bi Digidigi hakuwasikia. Alikuwa anapuliza, zik! zik!, kichaka hadi kichaka. Kwenye kichaka cha mwisho akaona pua nyeupe.

"Umechelewa," akamwambia mumewe.

"Nilikutana na boma."

"Na mluzi?"

"Pumzi iliniisha, mama. Nikawa nakusikiliza tu."

Akasogeza kwato. Chini yake palikuwa na kipande cha magadi, kidogo kama punje ya mahindi. "Chako hicho. Kingine mvua imelamba."

Wakalamba kwa zamu, mpaka kikaisha.

Ndiyo hivyo. Mafunzo yake nayasema wazi, hata aliyesinzia ayapate. Mkubwa akikujengea boma, usiangalie urefu wake, angalia miiba inamtazama nani. Na akikutangazia jambo, muulize: kuanzia lini?

Lakini ninyi nimewaita Paukwa mara mbili, mkaitika mara mbili, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi haya nimeyapata wapi!

Hadithi yangu imefika kijitoni, imekuta njia wazi, imevuka.